Unga ni wa Mkate

Majirani walimwita Moto Baridi. Alikuwa mwokaji mikate, na trei za moto alizitoa tanurini kwa kitambaa chembamba tu. "Mimi na moto tunajuana," alijigamba. Mkewe alikata madonge ya unga na kumcheka.

Alipoungua, Moto Baridi alikuwa na dawa yake. Alichovya mkono kwenye pipa la unga, akaendelea na kazi. "Unga unatulisha," alisema. "Utashindwa kutuponya?"

Lakini kidole chake cha mwisho kilikuwa hakikunjiki. Kiliungua zamani, kikapakwa unga, kikatunga usaha, kikapona kimekakamaa. Kila mumewe alipokanda, mke alikitazama kidole kile akaogopa. Mikono ile ndiyo iliyowalisha wote.

Siku moja wifi yake alikuja kununua mkate. Alikuwa dada wa Moto Baridi, muuguzi anayefundisha huduma ya kwanza kazini. Akaona unga umegandia kwenye lengelenge la kaka yake.

"Kaka, unajioka mwenyewe?"

"Wifi, nimesema mpaka nimechoka," mke alisema.

"Basi nitakufundisha wewe. Huyu, unga umemjaa masikioni."

Moto Baridi aliangua kicheko. Dada yake hakucheka.

"Ngozi ikiungua, joto hubaki ndani na kuendelea kuchoma," alieleza. "Unga hauliondoi. Unaganda tu na kuingiza uchafu. Siagi, dawa ya meno, barafu, usiweke. Fungua bomba, maji yapite juu ya jeraha kwa dakika ishirini."

"Ishirini?" Moto Baridi alidakia. "Na mikate iliyomo tanurini?"

"Mikate utaoka mingine. Mkono utaoka?"

Moto Baridi akautazama mkono wake.

"Na pete yake ya ndoa je?" mke aliuliza.

"Ivue mapema, kabla mkono haujavimba. Lengelenge usilipasue. Funika kwa kitambaa safi kisichoacha nyuzi. Mkono ukiungua vibaya, nenda zahanati." Kisha akageukia sinki. Ilikuwa imejaa trei chafu mpaka juu. "Sasa hapa mtu ataweka wapi mkono?"

Mke aliona aibu. Tangu siku hiyo sinki haikuwekwa kitu.

Haikupita muda, Moto Baridi akashika trei kwa kitambaa kilicholowa. Joto likapenya mara moja. Trei ikaanguka, naye akakimbilia pipa la unga.

Mkewe alikuwa amekwisha kukaa juu ya kifuniko cha pipa.

"Inuka, mama!"

"Siinuki. Nenda bombani!"

Akaenda. Mke akamfuata, akafungua maji, akamvua pete taratibu. Moshi ukaanza kutoka tanurini.

"Mikate inaungua!" mume alilia.

"Iache iungue." Alizima tanuri, akarudi kumshika kiwiko. Walisimama pale mpaka dakika zote zikaisha. Kisha akaufunika mkono kwa kitambaa safi, wakaenda zahanati.

"Nani alikupa huduma ya kwanza?" mganga aliuliza.

"Bosi wangu," Moto Baridi alijibu, akimwonyesha mkewe kwa kidevu.

Mkono ulipopona, alinunua glavu nene za tanuri. Asubuhi ya kwanza, kabla ya kuzivaa, alimnyooshea mkewe mkono.

"Nivishe pete yangu."

Mke akamvisha. Kisha akasubiri, pumzi ameibana. Kidole chenye pete hakikukakamaa kama kile cha mwisho; kikajikunja taratibu, kikamshika mkono.