Himaya ya Mzee Harmala

Miksamu alikuwa fundi wa matandiko ya ngamia pale Makka. Kila asubuhi alikwenda sokoni na sindano zake. Kila jioni alirudi na nundu mpya kichwani.

"Leo tena?" mkewe Rubaya aliuliza.

"Leo tena. Ni yule Dhirari na wenzake. Wamenipiga, wakanilaza juani na jiwe kifuani."

Kosa lake lilikuwa moja tu: alisilimu. Tena alikuwa mgeni, hana ukoo wa kumtetea. Rubaya, aliyesilimu pamoja naye, alimkanda huku machozi yanamtoka. Aliogopa kwamba siku moja ataletewa maiti.

"Si Mzee Harmala amekupa himaya yake?" aliuliza.

"Amenipa! Aliniambia, 'Atakayekugusa wewe amenigusa mimi.' Basi mzee wa watu amepigwa wiki nzima na hana habari."

Bi Hubaisha, jirani yao msusi, aliyasikia hayo. Akaingia bila hodi.

"Himaya hiyo amekupa wapi?"

"Nyumbani kwake, tukila tende."

"Nani alisikia?"

"Mimi, yeye na paka."

"Ndiyo maana unapigwa, mwanangu! Himaya haifichwi kama mimba changa. Mlinzi husimama kwenye Kaaba, mbele ya Makuraishi, akatangaza kwa sauti. Hapo atakayekugusa amegombana na ukoo wake mzima. Bila tangazo, umekula tende tu."

Miksamu akakuna kichwa, akaumia. "Lakini mzee ana haya. Akiona watu watatu, kikohozi kinamshika."

"Haya zake niachie mimi. Mkewe namsuka mwaka wa thelathini huu."

Wote watatu wakaenda nyumbani kwa Mzee Harmala, wakamkuta anavaa viatu.

"Shikamoo, mzee," alisema Bi Hubaisha. "Eti mtu wako anapigwa sokoni kila siku, nawe umekaa kimya? Watu watasemaje?"

"Anapigwa? Mtu wangu mimi?"

Hakungoja kiatu cha pili. Alifika kwenye Kaaba na kimoja, akatazama ule umati, akakohoa. Akakohoa tena. Rubaya alishika mkono wa mumewe.

"Enyi Makuraishi!" mzee akapaza sauti ghafla. "Miksamu yuko katika himaya yangu! Anayemtaka aanze na mimi!"

Dhirari alikuwa na jiwe mkononi. Alilitua polepole, akajifanya anafunga kamba ya kiatu.

Tangu siku hiyo Miksamu aliswali mchana kweupe, na hakuna aliyemgusa. Mzee Harmala, ambaye bado aliabudu masanamu yake, alisimama kando na fimbo, amenuna.

"Dini yenu siitaki hata kuisikia," alisema. "Lakini sujudu taratibu, bwana we! Ukijitoa nundu hapo, Makka nzima itasema nimeshindwa kukulinda."