Kitambaa Chekundu cha Ndege ya Mama Eleni

Nina miaka thelathini na minane, nina mke na watoto wawili, na niliwahi kuamini kwa moyo wangu wote kwamba ndege hairuki kwa injini bali kwa hirizi. Chekeni, wasomaji wenzangu… Mkimaliza nisikilizeni, maana ujinga huo ulimvunja mtu mguu.

Nilikuwa mlinzi wa ndege ndogo kwenye shamba la kahawa huku Karatu. Mwenye shamba, Mama Eleni, ni Mgiriki aliyezaliwa hapahapa, na Kiswahili chake kinanishinda mimi. Mumewe alipofariki, naye akaacha kuirusha ndege yao. Miaka minane ilikaa bandani. Kazi yangu ilikuwa kufagia, kufukuza popo, na kuhakikisha kitambaa chekundu kinabaki kimevikwa kwenye kibomba kidogo chini ya bawa. Hakunieleza ni cha nini, nami sikuuliza. Nilikuwa mhitimu wa kisomo cha jioni, bwana! Cheti changu kilining'inia ukutani, hata mbuzi wa kijijini kwetu Endamarariek walikuwa na habari zake. Mhitimu anaulizaje?

Shabani, Mnyaturu tuliyekaa naye kambi moja ya wafanyakazi, ndiye aliyenifumbua macho, au niseme aliyenifumba.

"Wewe Mmbulu umesoma bure," aliniambia. "Hiyo ni hirizi. Wazungu nao wanazo, ila wao wanazishona kwa cherehani. Umewahi kuiona ndege hiyo ikiporomoka?"

Sikuwahi.

"Basi."

Kwamba ilikuwa haijatoka bandani miaka minane, hilo halikunijia kabisa.

Siku moja Mama Eleni akaamua kurudi angani. Alitaka kuuona tena ukingo wa Ngorongoro na uwanda wa Olbalbal kutoka juu, kama alivyozoea na marehemu. Akaenda Arusha kukumbushwa na mwalimu wa urubani, fundi akaja kuitengeneza ndege, ikabaki kusubiri petroli. Vita vya mpakani vilikuwa vimeisha, lakini petroli ilikuwa adimu kuliko maziwa ya kuku. Tulisubiri miezi mitatu.

Miezi hiyo mke wangu, Yosefina, alikuwa mjamzito. Mimba mbili za kwanza zilikuwa zimeporomoka. Alikuwa akitembea kama aliyebeba mtungi uliojaa kichwani bila ngata. Nilimtazama… nikalikumbuka neno la Shabani. Kitu kinachozuia ndege nzima isiporomoke, kitashindwa na mtoto mmoja?

Nikakivua kile kitambaa. Nilimwambia Yosefina kimetoka kwa masista wa misheni, akajifunga nacho kiunoni kwa uzi. Kibomba nikakiacha wazi. Nyigu walikuwa wakizunguka pale bandani, nami nikawapungia mkono kama majirani.

Nilipanga kukirudisha kabla ya siku ya kuruka. Lakini siku hiyo ilipofika, mimba ilikuwa ya miezi sita, na zile mbili ziliporomoka katika mwezi wa sita… Ningemfungua vipi?

Mama Eleni alikuja amevaa koti la marehemu. Akaizunguka ndege, akagusa mabawa.

"Paskali, kitambaa umeshakitoa?"

"Nimeshakitoa, Mama."

Ulikuwa ukweli mtupu! Sijawahi kusema uongo ulionielemea kama ukweli ule.

Akaruka. Nilisali sala zote ninazozijua, na zilipokwisha nikatunga nyingine. Alipokuwa anarudi kutua, ndege ilikuja polepole mno… ikayumba… ikadondoka kabla ya kufika kiwanjani, katikati ya mibuni. Nilikimbia hata swala angeniomba nimngoje, nikamvuta nje. Mguu wake ulikuwa umevunjika mahali pawili. Ndege ikawa chuma chakavu.

Sasa tazameni adhabu yangu: watu wakaniita shujaa! Yosefina akajifungua salama, binti mzito wa kutosha wawili. Mama Eleni akaja kwa magongo kumwona, akamletea blanketi.

"Niliuona mshale wa mwendo uko sifuri, nami niko angani," aliniambia. "Mtu akiona hayo, ajue macho yake yamezeeka. Mikono yangu imesahau, Paskali."

Hakurusha ndege tena. Nami nikanyamaza, nikiamini nimemnunua mwanangu kwa mguu wake. Kila nilipomsikia akiburuta mguu ule barazani, chakula kiligeuka mchanga kinywani mwangu. Miaka minne!

Wasomaji wenzangu, nawasihi. Ukikabidhiwa kitu usichokielewa, uliza, hata kama cheti chako ni kirefu kama shuka. Na ukikosea, sema siku hiyohiyo. Usimwache mwenzako ajilaumu kwa kosa lako.

Mwezi uliopita nilishindwa kuvumilia. Nikampelekea kitambaa, nikamweleza yote: hirizi, mimba, na ule ukweli wangu wa uongo. Alikigeuzageuza. Kisha akaviweka viganja vyake juu ya meza, akavitazama kwa muda mrefu, kama mtu aliyerudishiwa kitu chake.

"Paskali," alisema, "hiki ni cha kuzuia nyigu wasijenge kwenye kibomba. Kibomba kikiziba, mshale wa mwendo hausogei, na rubani hajui kasi yake. Ni cha nyigu tu."