Bahasha ya Fundi Mapazia

Korido ya hospitali ilifurika watu. Fundi mapazia alikuwa juu ya ngazi akipima dirisha. Chini yake, binti wa blauzi nyeupe iliyonyooshwa vizuri alikuwa amechuchumaa mbele ya mzee mgonjwa, akimtafutia mwanawe kwenye simu.

"Dada, wewe nesi?"

"Mwanafunzi wa ustawi wa jamii, niko mazoezini. Ukianguka hapo, faili lako nitaandika mimi."

"Basi humo andika na namba yako."

Tangu hapo haikupita siku bila simu, hadi wakawa wapenzi. Fundi akagundua kuwa mpenzi wake huja kazini kwa miguu na mchana hushindia maji. Mazoezi hayakuwa na malipo, ingawa alihudumia wagonjwa kama waajiriwa.

Siku moja katibu wa ofisi alimpa binti bahasha. "Posho yako ya mazoezi."

Binti akapiga simu palepale. "Mpenzi, wamenilipa! Wameiona kazi yangu!"

"Hongera, malkia wangu," fundi alijibu, kisha akasingizia ana mteja.

Kumbe wenzake wanane hawakupata kitu. Alipombana katibu, akaambiwa: bahasha ililetwa na fundi.

"Najua ulinihurumia," alimwambia fundi kwa simu. "Lakini nilijisifu kwa wenzangu kwamba kazi yetu imeanza kuheshimiwa. Umeniaibisha." Akakata simu.

Ili kudai posho, wanafunzi wote tisa wakakaa, wakaorodhesha kila mgonjwa waliyemrudisha kwao na kila familia waliyoipatanisha. Fundi aliposikia, naye akashinda mlangoni mwa wadi, akiwauliza ndugu wa wagonjwa ni nani aliwasaidia. Aliyaandika maneno yao kwa mwandiko wake mbaya, akawaachia wanafunzi karatasi bila kuomba lolote.

Mganga mkuu alipelekewa karatasi hizo, akazisoma zote. Mwezi uliofuata, wanafunzi tisa walipanga foleni kutia saini posho yao.

"Uko wapi?" binti alipiga simu.

"Umenisamehe?"

"Njoo kwanza, mkaidi wewe!"

Alifika mbio, nyuzi zimemganda suruali nzima.

"Nimelipwa," binti alisema, kichwa juu. "Safari hii kwa jasho langu."

"Najua. Mtaa mzima nimeshautangazia. Nilikukosea, mama. Nilikupa pesa, wewe ulitaka heshima." Akajipangusa suruali. "Wazee wangu waje kwenu?"

"Waje Jumamosi," binti alisema akimbandua uzi begani. "Na uwaambie, wanakuja kuposa mfanyakazi."