Kiti cha Nyuma Kulia

Asubuhi za Jumapili nyumbani kwetu zilikuwa na utulivu wake. Mama mkwe wangu alikuwa anatoka na bakuli la maharagwe mabichi, anafungua mlango wa nyuma wa gari letu la zamani, anakaa miguu ikiwa nje, anaanza kumenya. Kiti chake kilikuwepo barazani, kizuri tu, lakini hakukipenda. Alisema cha gari kina kimo chake hasa. Gari lenyewe lilikuwa refu, paa la juu, umbo la boksi, na binti yetu alikuwa amelibatiza Kabati. Bibi na mjukuu wanamenya, wanataniana, mimi nafua, redio inaongea peke yake.

Jumapili moja mume wangu akatokea na karatasi ya rangi mkononi.

"Mama, shuka kidogo nikuonyeshe kitu."

"Nionyeshe hapahapa," akasema. "Nikishuka, kunipandisha tena ni kazi ya nani?"

Ilikuwa picha ya gari. Saluni ya kifahari, yaani gari la chini lenye buti nyuma, ile ndogo kuliko zote katika ukoo wa magari makubwa ya kampuni iliyoitengeneza, iliyokuwa imeundwa upya mwaka ule. Pua ndefu, paa linateremka nyuma kama mgongo wa paka anayejinyoosha, matairi mapana, rimu nyeusi. Sitawadanganya, nilipoiona niliitamani.

Jueni mambo mawili kuhusu nyumba yetu kabla sijaendelea. La kwanza, mama alikuwa na nyonga mbovu ya kulia tangu alipoteleza bafuni. Mwalimu wa mazoezi ya viungo pale kliniki alituambia waziwazi: mara tatu kwa wiki bila kukosa, la sivyo mguu utakakamaa, na ukikakamaa hatasimama tena. Mume wangu ndiye aliyekuwa anampeleka, kabla ya kwenda kazini.

La pili, mume wangu ni mkaguzi wa mizani. Anazunguka madukani na masokoni na mawe yake ya shaba, kuhakikisha kilo ya muuzaji ni kilo. Wenzake wanamwita Gramu, kwa sababu aliwahi kubishana na muuza nyama saa nzima kwa ajili ya gramu mbili. Mtu wa namna hiyo hanunui gari kwa kukurupuka. Alichukua daftari, akapiga mistari, upande mmoja umbo la zamani la saluni ile, la kabla ya kuundwa upya, upande wa pili umbo jipya. Kila kitu kikapewa alama kati ya kumi.

Wiki tatu tulikula chakula cha jioni na lile daftari mezani. Alikuwa mkweli, siwezi kumnyima hilo. Injini ya umbo jipya ni ndogo kidogo lakini inaitika haraka: tisa. Usukani mwepesi, unageuka unakotaka wewe: tisa. Breki kumi. Skrini ya dashibodi kubwa kupita kiasi, inakutoa macho barabarani: sita. Springi ngumu, ukipita kwenye shimo meno yanagongana: sita. Buti dogo kuliko la umbo la zamani: saba.

"Na nyuma?" binti yetu aliuliza. Alikuwa na miaka kumi na mmoja, na nyuma ndiko alikokaa yeye.

"Nyuma tutapaona Jumamosi," baba yake akasema.

Jumamosi tukaenda dukani, mimi na yeye. Mama tulimwacha nyumbani apumzike. Muuzaji alikuwa bwana mnene mwenye tai, mcheshi, anayekuita shemeji kabla hajakujua.

"Nyuma pakoje?" Gramu akamuuliza.

"Nyuma pameongezwa, mkuu. Watu wazima wanakaa wanasahau kushuka."

Mume wangu akafungua mlango wa nyuma, akanyoosha mkono, akakibonyeza kiti kwa kiganja mara mbili kama anavyobonyeza sahani ya mizani. Kikashuka, kikarudi. Akaandika nane. Hakuingia. Mimi nilikuwa nimeshakaa mbele, najiangalia kwenye kioo cha pembeni, nikiwaza wenzangu watakavyoniona nikishushwa kazini. Mimi ndiye ninayemfulia mama nguo, ninayemfunga viatu, ninayejua mguu wake unakunjika hadi wapi. Sikuzunguka kwenda kuangalia.

Kabati likauzwa wiki hiyohiyo. Hela tulikuwa nazo. Shida yetu haikuwa hela.

Jumatatu asubuhi mama akatoka na mkongojo wake, amevaa gauni lake la kwendea kliniki, amejipaka mafuta. Kwenye Kabati alikuwa anageuza mgongo, anakaa, halafu anauingiza ule mguu taratibu. Hapa akageuza mgongo, akaanza kukaa, na kiti hakikufika. Kilikuwa chini, ndani kabisa. Paa likamgonga kisogo. Mguu mbovu ukakwama kati ya mlango na kiti cha mbele.

"Inamisha kichwa, mama," mume wangu akasema. "Hili si basi."

"Mwanangu," akasema, bado amejikunja, "hili gari linaingiwa au linavaliwa?"

Tukacheka wote. Jirani aliyekuwa anamwagilia maua akapaza sauti juu ya ukuta: "Gramu, taratibu! Huyo mama si gunia!" Tukacheka tena. Nikamsukuma mimi huku, mume wangu akamvuta upande wa pili, mama akaingia. Tukamjaribu mbele pia, siku nyingine. Kule viti vina kingo zilizoinuka za kumshika mtu gari likikata kona, na kushuka kukawa kubaya zaidi.

Kushuka kwenyewe kule kliniki sikukuona. Mama alikuja kunisimulia baada ya wiki mbili, tukiwa wawili jikoni, anaongea anaangalia sufuria.

"Pale getini inabidi wanivute watatu. Mlinzi, nesi na mwanangu. Gauni linapanda, watu wako kwenye foleni wanatazama. Mkwe wangu, nashikwa kila mahali."

"Nitakuitia teksi, mama. Ile yenye kiti cha juu."

Nilimwambia mume wangu jioni hiyo. Alikasirika, na yeye si mtu wa kukasirika.

"Mama yangu apande teksi, na gari kama lile liko uani? Watu watasema nini? Atazoea. Ni suala la kuzoea tu."

Nami nikakusanya vyombo, nikaliacha hapo. Nilikuwa na zamu asubuhi, nimechoka, na sikutaka ugomvi. Mkitaka kujua nyumba inavyoharibika bila kelele, ni hivyo. Hakuna aliyempiga mtu. Chakula kilipikwa, salamu zilitolewa.

Mama akaanza kusema, "Leo sijisikii." Kisha, "Leo nendeni tu, mimi niko sawa." Mara tatu kwa wiki ikawa mara moja. Halafu mwalimu wa mazoezi akapiga simu kuuliza kama mgonjwa wake amehama mji. Mume wangu akamjibu kwamba mama anapumzika kidogo. Alikuwa uani wakati huo, anasugua rimu kwa mswaki wa zamani.

Jumamosi moja tulikwenda shuleni kwa binti yetu kwenye mkutano wa wazazi. Ni karibu, tulitembea. Gari lilibaki uani limeoshwa, ufunguo kwenye msumari wa jikoni. Tulitoka saa nane mchana. Tulirudi saa kumi na moja.

Nilianza kuona mlango wa nyuma wa gari uko wazi. Nikafikiri mwizi. Halafu nikaona kiatu kimoja cha mama kiko ndani ya gari, juu ya zulia. Yeye mwenyewe alikuwa chini, kwenye saruji ya uani, upande wa jua. Kivuli kilikuwa kimeshamhama. Midomo imekauka, sauti imekwisha kwa kuita. Jirani hakuwepo siku hiyo.

Mume wangu alipiga magoti, akawa anasema "mama, mama, mama" kama mtoto.

"Nilikuwa najifundisha," mama akamwambia. "Nisiwe nawasumbua. Nimeingia mara mbili, peke yangu. Ya tatu ndiyo imekataa."

"Nyamaza, mama, usiongee."

Akamshika mkono wa shati. "Mwanangu, sikulikwaruza. Angalia mwenyewe. Mkongojo niliuweka mbali."

Nyonga ilivunjika. Alikaa kitandani wiki kumi na moja, hakusimama tena, mapafu yakajaa maji, akafariki asubuhi ya Alhamisi nikiwa namchana nywele.

Sasa sikilizeni hili, na kila mtu aamini anavyoweza. Mimi si mtu wa mizimu.

Wiki mbili baada ya mazishi tulikuwa watatu ndani ya gari, mchana kweupe, tunakwenda sokoni. Kwenye dashibodi ikawaka taa nyekundu ya mkanda, ikaanza kulia: ti, ti, ti. Mume wangu akaangalia mkanda wake, nami wangu. Binti yetu, nyuma kushoto, akasema wake ameufunga. Kwenye skrini kulikuwa na mchoro mdogo wa viti vitano. Kilichowaka kilikuwa cha nyuma kulia. Abiria hajafunga mkanda.

Hapakuwa na abiria. Hapakuwa hata na mkoba.

Siku ya pili ikalia tena. Na ya tatu. Tukampelekea fundi. Akanyanyua kiti, akachomoa kile kidude cha chini kinachohisi uzito, akakipima kwa mashine, akaweka kingine kipya.

"Kiti kizima, bosi. Hakina kasoro."

Tukatoka getini kwake. Ti, ti, ti.

"Nikate waya?" fundi akauliza tuliporudi. "Dakika mbili tu, hutaisikia tena."

"Usiguse," mume wangu akasema, kwa sauti ambayo sikuijua.

Tangu hapo aliacha kuendesha akiwa na mimi. Aliondoka peke yake, nami nikiwa dirishani nilimwona akifika getini, taa ikiwaka usoni kwake nyekundu, akisimama pale muda mrefu bila kutoka. Nyumbani tulianza kusikia vitu. Mimi nilisikia mkongojo kwenye korido wakati natandika kitanda chake kitupu. Yeye hakusema alichosikia, lakini alikuwa ananyanyuka mezani ghafla, kijiko mkononi, kama aliyeitwa. Kazini walimrudisha nyumbani siku moja kwa sababu alipima jiwe lilelile mara kumi na nne.

Binti yetu ndiye aliyeyamaliza. Ilikuwa siku ya shule, mvua inanyesha, ikabidi twende wote. Hatujatoka hata getini, ikaanza. Ti, ti, ti. Mume wangu akaweka paji la uso kwenye usukani.

Mtoto akajivuta pembeni, akauchukua ule mkanda wa kulia, akauvuta polepole mpaka chini, akaacha nafasi kati ya mkanda na kiti, kama mtu anayejihadhari asibane tumbo la mwenzake. Akaufunga. Tak.

Mlio ukanyamaza.

"Tayari, baba," akasema. "Twende. Ila polepole kwenye mashimo, nyonga yake inauma."

Sikugeuka nyuma. Mume wangu alitia gia, tukatoka. Hadi leo ndivyo anavyoendesha. Gari lile lililoundwa kukimbia, lenye injini ya alama tisa, linapita barabarani kama limebeba mgonjwa. Madereva wanatupigia honi, wanatutukana madirishani. Kwenye kila shimo anasimama kabisa, anaangalia kioo cha ndani, halafu ndipo anashuka nalo.

Somo ninalowaachia

Gari si baya. Ukiniuliza kama gari, nitakwambia breki zake hazina mfano. Tatizo letu lilikuwa kwamba tulipima kila kitu isipokuwa mtu atakayelitumia kwa shida kuliko sisi sote, na tulipogundua, mume wangu alichagua fahari na mimi nilichagua amani ya bandia. Makosa hayo ni mawili, na la kwangu si dogo.

Ukitaka kununua kitu cha nyumba nzima, iwe gari, nyumba au kitanda, mchukue aliye dhaifu kuliko wote nyumbani mwako uende naye. Aingie, akae, atoke. Arudie mara mbili, na viatu vyake anavyovaa kila siku. Akishindwa, funga daftari, mrudi nyumbani. Kama umeshakosea na kitu kimeshanunuliwa, ita teksi. Watu wakisema, waache waseme.

Na mzee akikwambia, "Nendeni tu, mimi niko sawa," usiende. Vuta kiti, kaa mbele yake, umuulize tena.