Gauni Lilipoanza Kumpwaya Mama

Chumba changu cha kushonea kina dirisha kubwa. Mchana jua hupenya vitambaa nilivyotundika, na ukuta mzima hubadilika rangi. Mama hupenda kulala hapo, kwenye kochi, huku cherehani ikinguruma. Anasema mlio wake unambembeleza. Mara nyingine hucheka usingizini, kisha hutulia. Nami hushona polepole nisimwamshe.

Mwaka ule alianza kuamka akiguna. Alishika mgongo, chini kidogo ya mbavu, akasema uzee umebisha hodi. Alikuwa na miaka sitini na minne.

Jirani yetu, mwalimu mstaafu, aliwahi kuumwa mgongo vivyo hivyo alipojikwaa ngazini. Pingili moja ya uti wa mgongo ilibonyea kwa sababu mifupa yake ilikuwa imedhoofika. Alipewa vidonge na mazoezi, maumivu yakaisha. Basi tukadhani tunajua. Mama akaanza kumeza vidonge vya mwalimu, na wawili hao wakawa wanataniana nani amepinda zaidi.

Mimi nilikuwa na kazi yangu. Gauni la bluu la mama lilianza kuburuta, nikapandisha pindo. Kiuno kikampwaya, nikakibana. Kikapwaya tena, nikabana tena. Kila mara niliandika vipimo kwenye daftari langu, kama ninavyofanya kwa kila mteja, wala sikujiuliza kitu. Naona aibu kusema hivi, lakini nilikuwa nalitibu gauni.

Maumivu yalipozidi, nilimpeleka hospitali. Eksirei ilionyesha pingili imebonyea. Daktari, mwanamke mwenye sauti ya chini, alisema kwa umri wa mama sababu ya kawaida ni mifupa kudhoofika. Lakini hakuandika dawa. Aliuliza kwanza. Je, mama alianguka? Amewahi kuugua saratani? Ana homa? Amepungua mwili?

Mama alijibu hapana kwa yote, akitazama dirishani kama mtu aliye ndotoni. "Niko vilevile, daktari," alisema.

Nikakumbuka kiuno cha lile gauni. Daftari lilikuwa mkobani. Nikalifungua mbele ya daktari. Mwezi wa pili, kiuno inchi thelathini na nne. Mwezi wa nne, thelathini na mbili. Mwezi wa sita, ishirini na tisa. Na urefu wa mama ulikuwa umepungua inchi moja.

Daktari alilisoma daftari kwa muda mrefu. Hapo mama akakiri. Akilala hutoka jasho hadi shuka linalowa. Na mgongo humuuma hata akijinyoosha kitandani. Hakutaka kunisumbua. Daktari akasema anahitaji vipimo vingi zaidi.

"Mbona jirani yetu hakupimwa sana?" nilimuuliza daktari, nikamsimulia habari zake zote.

"Jirani yenu alijikwaa," alisema. "Akilala alipata nafuu. Hakupungua, hakuwa na homa. Mtu wa namna hiyo, vipimo vyake vikiwa vizuri, hatuna haja ya kumchoma sindano mgongoni kutoa kipande cha mfupa. Mama hakuanguka, na anapungua. Lazima nitafute zaidi."

Alipimwa damu, akaingizwa kwenye mashine kubwa ya picha. Majibu yalionyesha pingili mbili zinazopakana zimeliwa. Huenda ni saratani, alisema daktari. Huenda pia ni kifua kikuu, maana ugonjwa huo hushambulia hata mifupa. Dawa za magonjwa hayo mawili hazifanani. Angekisia akakosea, mama angepoteza miezi, na miguu yake ingeweza kukosa nguvu. Alitaka kipande kidogo cha mfupa kwa sindano, kipelekwe maabara.

Mama mkubwa, dada yake mama, alipinga. Alisema ugonjwa ukiuchokoa unasambaa. Nilimwomba aje nasi hospitali, amwambie daktari mwenyewe. Akaja, akamwambia. Daktari hakuudhika. Alieleza kwamba ni nadra sana sindano kusambaza ugonjwa. Mahali penyewe hutiwa ganzi, na picha humwongoza anayechoma sindano. Ipo hatari ndogo ya damu au ya kugusa mshipa wa fahamu, ndiyo maana hawamchomi kila mtu.

"Kwa mama, hatari kubwa ni kutojua," alisema.

Niliogopa sana. Mama akanigeukia.

"Wewe fundi, unakata kitambaa kabla ya kupima?"

"Sikati, mama."

"Basi na wapime."

Baadaye alinisimulia siku ya sindano. Alilala kifudifudi, akasikia mashine ikinguruma, akadhani yuko kwenye kochi langu. Alikuwa akingoja nimwambie chai iko tayari.

Majibu yalisema kifua kikuu cha mgongo. Nililia pale pale kwenye benchi, kwa sababu kinatibika. Mama alimeza dawa kila siku kwa mwaka mzima, na miezi ya mwanzo alivaa mkanda mgumu wa kushikilia mgongo. Aliyemkumbusha dawa kila asubuhi ni mama mkubwa, na ole wake mama akichelewa dakika tano.

Inchi moja ya urefu haikurudi. Lakini juzi mama alitaka kuvaa gauni la bluu, likakataa kufungika. Akacheka hadi akakaa chini. Nikalichukua, nikafumua mishono ya kiunoni. Kitambaa chote kilikuwa bado ndani, kimekunjwa, bluu yake imekolea kwa kuwa haikuonja jua.

"Kumbe hukukikata?" mama aliuliza.

"Sikuweza."

Akajilaza kwenye kochi, akafumba macho. Nikashona polepole. Sasa gauni lina mistari miwili ya bluu iliyokolea ubavuni, na mama amenikataza kuificha.