Imeili za Kamanthe

Kalekye alikuwa akitwanga muthokoi, mahindi ya kukoboa, nje ya jiko lake, katika kijiji kimoja karibu na Kithimani. Mchi ulikuwa mzito, lakini mikono yake ilikuwa imeuzoea. Mtoto wake Maundu, wa miaka miwili, alikuwa akicheza na magunzi. Kuku mwekundu aitwaye Ndune alikuwa akidonoa pumba miguuni pake. Ndune alikuwa kuku mzee asiye na adabu, lakini hakuna aliyethubutu kumchinja. Alikuwa kuku wa Kamanthe.

Kamanthe alikuwa binti wa kwanza wa Kalekye na mumewe, Muthoka. Alifariki mwaka wa 2004 kwa homa ya mapafu, akiwa na miaka saba. Wiki hiyohiyo Kalekye alikuwa amelazwa hospitalini Thika, amepasuliwa ili Maundu azaliwe. Aliporudi nyumbani, alikuta kaburi limekwisha kufunikwa, kando ya ua wa mkonge. Hakumwona mwanawe. Hakumuaga. Tangu hapo majirani waliacha kumwita Mama Kamanthe, wakaanza kumwita Mama Maundu. Walidhani wanampunguzia uchungu. Watu wana huruma, ila mara nyingine husahau kumuuliza mwenyewe anataka nini.

Asubuhi hiyo, miaka miwili baadaye, sauti ilisikika langoni.

"Hodi! Mama Kamanthe yuko?"

Mchi ulisimama juu.

Aliyeita alikuwa mwanamke aitwaye Wanjugu. Alikuwa mgeni Kithimani. Alitoka Thika miezi michache iliyopita, akafungua duka la kuchapa barua na kutoa fotokopi pale sokoni. Hakujua habari za msiba.

"Habari ya asubuhi, mama," alisema. "Hii mzigo imeachwa kwangu na gari ya mradi. Imeandikwa Kamanthe Muthoka. Ni mtoto wako?"

"Ni mtoto wangu," Kalekye alijibu polepole.

Alifungua kifurushi. Ndani mlikuwa na viatu vyeusi vya shule, vipya, na barua ya Kiingereza. Alimwomba Wanjugu amsomee. Wanjugu alisoma kwa Kiswahili, taratibu:

"Mpendwa Kamanthe. Asante kwa imeili yako ya mwezi uliopita. Nimefurahi kujua kwamba sasa una miaka tisa. Nimefurahi kwamba Ndune, kuku wako mwekundu, bado anataga. Unasema mama anapenda kukusikia ukiimba. Mimi pia ningependa kukusikia. Nimekununulia viatu vya mtoto wa miaka tisa. Ni mimi, Ingrid."

Wanjugu alitabasamu. "Ako shule saa hii?"

Kalekye alinyoosha kidole kuelekea mkonge. "Ako pale."

Wanjugu aligeuka akaona msalaba wa mbao. Aliikunja barua, akaiweka juu ya viatu.

Muthoka aliporudi kutoka shambani, alikuta mkewe ameketi chini, viatu mapajani. Alisikiliza habari yote bila kukaa.

"Ni makosa ya watu wa mradi," alisema.

"Makosa gani inajua kuku?" Kalekye aliuliza. "Nani alimwambia huyo mzungu jina ya Ndune? Nani alimwambia napenda akiimba? Hiyo ni kitu ya hapa nyumbani."

Ni kweli kwamba Kamanthe aliwahi kusaidiwa na mradi mmoja wa watoto, wenye ofisi Machakos mjini. Mradi ulimtafutia mfadhili, huyo Bi Ingrid wa ng'ambo, aliyemnunulia sare na vitabu. Lakini mtoto alipokufa, mtu wa mradi alikuja, akatoa pole, akaandika jina lake ili faili lake lifungwe. Mambo yalikwisha. Muthoka mwenyewe alimshusha mwanawe kaburini kwa mikono yake. Hata hivyo alianza kujiuliza, na alijionea haya kwa kujiuliza.

Mama yake, waliyemwita Susu, alitikisa kichwa. "Wameamka," alinong'ona. Alimaanisha aimu, roho za waliotangulia.

Kuanzia siku hiyo nyumba haikuwa na amani. Kalekye alipakua chakula kwenye sahani moja zaidi. Mchana upepo ulipopita kwenye mkonge, alisimama kusikiliza. "Mnasikia?" aliuliza. "Anaimba." Muthoka aliposikiliza, hata yeye alisikia kitu, na hakujua ni upepo au si upepo. Kila alasiri Ndune alikwenda kulala juu ya kaburi. Alifanya hivyo tangu zamani, kwa sababu udongo wa pale ulikuwa laini. Sasa hakuna mtu aliyetaka kusikia habari ya udongo laini.

Siku ya tatu Kalekye alichukua jembe, akaliegemeza kwenye msalaba.

"Mimi sikumwona," alimwambia mumewe. "Mliniambia tu. Na sasa yeye ananiambia ako na miaka tisa. Jumamosi nitafukua nijue nani mlizika."

"Kalekye, tafadhali. Usiniletee hiyo."

"Kama hutaki kusaidia, kaa ndani."

Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi. Muthoka alikwenda sokoni mbio kumtafuta Wanjugu.

Wanjugu alikuja Alhamisi. Hakumcheka Kalekye, wala hakumwambia kwamba amechanganyikiwa. Alikaa naye chini.

"Mama," alisema, "mimi hii mambo ya kompyuta nimefundisha watu kule Thika. Imeili inatumwa na mtu, ama na mashine ambayo mtu ameiagiza. Haitoki kwa udongo. Kabla ya jembe, twende ofisini tuone inatoka wapi."

"Na kama ni yeye?"

"Kama ni yeye, tutamkuta huko."

Walikwenda Machakos wote watatu, pamoja na Muthoka. Ofisi ilikuwa chumba kimoja, na katibu alikuwa msichana aitwaye Mumbua. Alipowasikiliza alifungua kabati, akatoa faili. Juu yake palikuwa pameandikwa: AMEFARIKI.

"Sisi tunajua, mama. Pole sana," alisema. "Hakuna mtu hapa anaandika na jina yake. Naapa."

"Basi ninyi hutuma aje imeili za watoto?" Wanjugu aliuliza.

"Nabonyeza tu hapa. Inatuma yote. Hata leo ni siku ya kutuma."

"Chomoa kwanza waya ya intaneti, zisiende. Sasa bonyeza tuone."

Mumbua alibonyeza, akaondoa mikono yake.

Barua ilifunguka kwenye kioo cha kompyuta. Jina la mtoto likajiandika. Umri ukajiandika. Barua ikafungwa, nyingine ikafunguka. Hakuna kidole kilichogusa kibodi. Majina yalipita upesi, mtoto baada ya mtoto. Mashine ilikuwa ikinguruma kidogo, mfano wa mtu anayepumua usingizini. Kisha Wanjugu akasema "Simamisha!" na Mumbua akasimamisha.

Wanjugu alisoma kwa sauti ya chini. "Mimi ni Kamanthe. Sasa niko na miaka tisa. Sisi sote hatujambo. Kuku wangu mwekundu, Ndune, anataga. Mama anapenda kunisikia nikiimba."

Kalekye aliweka kiganja chake kwenye kioo. Kilikuwa na joto.

"Anaongea," alisema.

Muthoka alishika ukuta. Mimi ninayesimulia najua kilichokuwa kikiiendesha mashine ile, na bado nywele zingenisimama.

"Si yeye, mama," Wanjugu alisema. "Kaa hapa nikuonyeshe. Hii barua imeandikwa nusu. Inaitwa kiolezo. Iko na mapengo: hapa jina, hapa umri, hapa mnyama wa nyumbani, hapa kitu mama anapenda. Sasa angalia hii ingine. Ni orodha ya watoto. Haya maneno ya Kamanthe yaliwekwa hapa siku aliandikishwa. Unakumbuka siku hiyo?"

Kalekye alikumbuka. Kijana mmoja wa ofisi, Kiama, alimuuliza mtoto maswali. Kamanthe alijibu huku amemkumbatia Ndune.

"Basi ni maneno yake mwenyewe," Wanjugu alisema. "Lakini ni ya siku ile. Ya tatu ni makro. Makro ni maagizo. Mtu anayapanga mara moja, halafu mashine inarudia: chukua jina, weka kwa pengo, hesabu umri kutoka siku ya kuzaliwa, tuma, nenda kwa mwingine. Mwaka ukiisha, inaongeza mwaka. Ndiyo maana amekuwa akikua."

"Haijui amekufa?"

"Wewe uko na punda wa maji?"

"Ndiyo."

"Ukimfungulia asubuhi, anaenda mtoni peke yake. Mto ukikauka?"

"Ataenda tu."

"Basi makro ni huyo punda."

Kiama ndiye aliyetengeneza makro hiyo. Alikwenda kufanya kazi kwenye viwanda vya EPZ kule Athi River, akaacha kitufe bila maelezo. Pesa za wafadhili ziliingia kwenye fungu moja la watoto wote, na vifurushi vilisambazwa na gari bila mtu kuangalia faili, hivyo hakuna aliyeona kasoro. Kuuliza si ujinga, lakini Mumbua alipokabidhiwa kazi hakuuliza kitufe kinafanya nini.

Mumbua alilia. "Mimi nilijua tu ile faili ya kabati. Sikujua kuna yeye mwingine ndani ya kompyuta."

Kalekye alimgeukia mumewe.

"Ulimvalisha nini?"

Muthoka alikaa chini. Kwa miaka miwili alikuwa akiliogopa swali hilo.

"Sweta ya kijani," alisema. "Ile ulifuma. Nilimfunga leso yako kichwani. Alikuwa amepoteza jino moja, hili la mbele. Uso yake ilikuwa imetulia, Mama Kamanthe. Nilimwambia mama yako amekuzalia ndugu."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Niliogopa utalia."

"Nilikuwa nataka kulia," Kalekye alisema. Akalia, na mumewe akalia naye, na wanawake wawili wakawaacha walie.

Baadaye Wanjugu alimfundisha Mumbua.

"Usitupe makro," alisema. "Inakuokolea kazi ya siku mbili. Lakini usiiachie iongee peke yake. Ongeza safu mbili kwa orodha: hali ya mtoto, na nani alimwona na lini. Pengo likiwa tupu, makro isimame. Na isitume. Iweke barua kwa rasimu, wewe usome, ndiyo utume kwa mkono yako. Ukibadilisha kitu, jitumie wewe kwanza uone imetoka aje. Na uandike mahali makro inafanya nini, ili atakayekuja nyuma yako ajue."

"Na nikiletewa makro na mtu?"

"Kama humjui, usiifungue. Inaweza kuharibu kila kitu."

Kalekye aliinua kichwa. "Ikisimama, iulize," alisema.

"Iulize nini, mama?"

"Iulize: Huyu yuko?"

Wanjugu aliandika hivyo hivyo. Tangu hapo, kwa kila mtoto, kidirisha kidogo kilitokea katikati ya kioo: Huyu yuko? Nani alimwona?

Jina la Kamanthe walilifunga kwenye orodha. Kalekye mwenyewe ndiye aliyebonyeza. Kisha Wanjugu aliandika barua kwa Bi Ingrid, neno kwa neno, Kalekye akisema. Barua hiyo haikuwa na kiolezo. Jumamosi jembe lilirudi kwenye kazi ya mbaazi. Kalekye alipalilia kaburi kwa mikono, akaimba yeye.

Jibu la Bi Ingrid lilikuja kabla ya mwezi kuisha. Alisema amelia, na kwamba viatu apewe mtoto ambaye vitamtosha. Kalekye aliviweka kwanza. Aliwaomba watu wa mradi kitu kimoja: siku ya kutuma imeili awepo, akae karibu na Mumbua wakati kidirisha kinauliza. Walikubali.

Safari ya pili, makro ilisimama kwa msichana aitwaye Kamene, wa upande wa Matuu. Safu ya mwisho ilikuwa tupu.

"Huyu yuko?" Kalekye aliuliza.

"Atakuwa tu yuko," Mumbua alisema. "Wacha niweke jina yangu, tuendelee."

"Umemwona?"

Mumbua aliangalia kibodi. "Hapana."

"Basi usiandike."

Walimtuma Henry, mfanyakazi wa mradi mwenye baiskeli. Alimkuta Kamene kwa nyanya yake, amelala chini, anapumua kwa shida, mbavu zinabonyea. Hakuwa amekwenda shule kwa muda mrefu, na hakuna aliyejua. Ilikuwa homa ya mapafu. Henry alitafuta gari, mtoto akafikishwa hospitalini. Daktari alisema wangechelewa kidogo tu, wangempoteza.

Mvua za vuli zilipoanza, siku ya imeili ilifika tena. Mumbua alibonyeza. Makro ilikwenda, ikasimama, ikauliza, ikajibiwa. Yuko, Henry alimwona Jumanne. Yuko, mwalimu wake alimwona jana. Kisha likatokea jina la Kamene.

"Huyu yuko?" Kalekye aliuliza, macho yakiwa kwenye kioo.

Mumbua alikuwa akitazama mlangoni. Kalekye alisikia viatu vikigonga sakafu ya saruji, viatu vya mtoto, vipya. Aligeuka polepole.

Msichana mwembamba alikuwa amesimama pale na nyanya yake. Viatu vyeusi, vile ambavyo Kalekye alimpa Henry ampelekee, vilimkaa sawasawa.

"Niko, Mama Kamanthe," alisema.