Gari la Mahari

Gari lilizima Kinondo, pilau ya watu ikiwa ndani, na huko Msambweni wageni wa harusi walikuwa wameshakaa mikekani. Subira alipiga ufunguo mpaka betri ikachoka. Mwenye harusi hakumtukana. Alimwambia tu kwamba hatamwita tena, na pesa zake azirudishe.

Gari lenyewe ndilo lililokuwa mahari yake. Waziri, dalali wa magari pale Kona ya Musa, alipomposa, Subira hakutaka dhahabu. Alikuwa ameshaolewa na kuachika, ya dhahabu alikuwa ameyaona. Akasema yeye ni mpishi wa shughuli, apewe gari la kubebea sufuria. Waziri akamletea Toyota kuukuu yenye nyuma pana, imeoshwa mpaka inang'aa.

Walikaa vizuri mpaka yalipoanza mambo ya mafuta. Gari lilikuwa mlevi. Kila jioni Waziri alichungulia mshale wa tangi kabla hajamsalimu mkewe. Kwa hesabu zake, kwenda kupika Msambweni na kurudi kwao Ukunda hakumalizi mafuta yale. Lakini Munje iko hapo hapo karibu na Msambweni, na Munje ndiko anakokaa Sharif, mume wa kwanza wa Subira. Waziri hakutaka ushahidi mwingine. Alikwenda kwa mzee Abdulaziz, ami yake Subira, akamwambia mbele ya watu kwamba binti yao anachoma mafuta kwa mtalaka wake. Subira aliapa siku ile, aliapa na siku zilizofuata, kisha akachoka kuapa.

Sasa gari lilivutwa mpaka gereji ya Mwinga. Mwinga alimweleza kuwa gari la umri huu halitaki mashine ya mjini ya kupimia, lina taa yake ya injini. Unatia kipande cha waya kwenye matundu mawili ya kiboksi kilicho chini ya boneti, unafungua swichi, taa inapepesa, nawe unahesabu upate namba ya ugonjwa. Alitia waya. Akafungua swichi. Taa haikupepesa.

— Bi Subira, taa hii umewahi kuiona ikiwaka?

— Sijaiona. Nilidhani ndiyo uzima.

— Gari zima huiwasha ukifungua swichi, likinguruma ndipo inazima. Hii imekufa kabisa. Nitafungua dashibodi.

Subira akamwandikia mumewe: "Gari limezima. Niko kwa Mwinga, anataka kufungua dashibodi."

Jibu lilifika simu ikiwa bado mkononi: "Asifungue! Mwambie asiguse kitu, nakuja."

Aliusoma ujumbe ule mara mbili. Yeye alikuwa ametaja dashibodi tu, Waziri ameshajua kuna kitu cha kuguswa. Akamwambia Mwinga afungue.

Mahali pa balbu palikuwa patupu. Mwinga akatia nyingine. Taa ikapepesa mara mbili, ikapumzika, ikapepesa mara mbili tena.

— Ishirini na mbili, Mwinga akasema. Kipimo cha joto la maji kimekufa, tena zamani. Injini inadhani ina baridi kila saa, basi inajimiminia mafuta. Ikishapata moto inazama kwenye mafuta, inazima.

— Inajimiminia mafuta.

— Hata ukienda sokoni tu na kurudi.

— Kukitengeneza ni ghali?

— Elfu mbili, na kazi yenyewe chai haipoi.

Waziri alifika kwa bodaboda, akaiona dashibodi imefunguliwa, akasimama. Mwinga akakumbuka kwamba ana kazi upande wa pili.

— Balbu uliitoa wewe? Subira akamwuliza.

— Taa ilikuwa haizimi, Subira. Ndoa ilikuwa Ijumaa, pesa sina. Nilidhani injini nzima imekufa.

— Ulimwuliza fundi inasema nini?

— Sikuuliza.

— Na mimi hukuniuliza. Ulikwenda kwa ami.

— Ni wivu, mke wangu. Nisamehe. Kesho nitakwenda kwake niseme kosa ni langu.

— Nenda. Utanikuta huko.

Mzee Abdulaziz aliwasikiliza wote wawili. Akasema mahari iliyofichwa kasoro ni haki ya mke kulipwa nyingine mfano wake. Waziri akakubali papo hapo, atauza kiwanja chake. Subira akasema hataki gari, anataka kutoka kwenye ndoa. Ami akamkumbusha kwamba mke akitaka kutoka mwenyewe, mahari hurudi kwa mume.

— Najua, ami. Nitairudisha.

— Subira, mimi nakupenda, Waziri akasema, na machozi yalikuwa ya kweli.

— Najua unanipenda. Nimechoka kupimwa kwa mshale wa mafuta.

Waziri akaridhia kumwacha. Ami akasema basi gari lirudi hivyo hivyo lilivyo.

— Hapana, Subira akasema. Asije akasema nimemrudishia mahari mbovu.

Mwinga alifunga kipimo kipya. Subira akaliendesha gari mpaka Msambweni na kurudi, mshale ukasogea kidogo tu. Akamkabidhi Waziri ufunguo mbele ya mashahidi.

Kipimo kilikuwa elfu mbili, balbu hamsini, kulivuta gari kutoka Kinondo elfu tatu. Pesa za pilau alizirudisha zote, na mteja hakurudi. Gari likaenda, mume akaenda. Siku hizi sufuria anazipandisha tuktuk, na nauli analipa mwenyewe.